Usiku Mumoja ku Ziwa Tanganyika

Wandugu wa migodi, ninyi munajua kazi ya usiku chini ya udongo. Kule Kalemie iko ingine, juu ya maji. Rafiki yangu mvuvi alinipeleka katika mtumbwi wake, usiku bila mwezi. Mwezi ukiangaza, ndakala wanatawanyika. Kukiwa giza, wanakusanyika kwenye taa. Na ziwa hili si la muchezo: mahali pa chini zaidi linafika meta 1470.

Wavu haukujaa hata nusu, upepo wa kusini ukaanza. Samaki walikuwa wangali wanakuja. Rafiki akazima taa: « Turudie. Ndakala watakuja kesho. Watoto wangu hawana baba mwingine. »

Vijana, kuacha faida namna ile si woga. Hata katika shimo, mwenye kusikia udongo unalia, atoke.