Mimi Nilidhani Nina Fangasi, Yeye Alidhani Nina Mtu

Kila mwezi nakaa kwenye meza hii nikihariri siri za wenzangu: fulani kaachwa, fulani kafumaniwa, fulani haelewani na mawifi. Mwezi huu naomba nitoe ya kwangu. Baba Naima ameisoma kabla yako na kanipa ruhusa, ila kaomba nisitaje timu anayoshabikia. Sawa, sitaji.

Ilikuwa usiku mmoja baada ya Pasaka ya 2025. Tumemaliza mambo yetu ya kikubwa, mwenzangu akageukia ukutani. Si kawaida yake. Yeye hulala mkono wake ukiwa kiunoni mwangu hata kama tumenuniana. Nikamuuliza vipi, akasema amechoka na foleni ya Buguruni. Nilijua si foleni. Ile harufu hata mimi niliisikia, kama ya samaki aliyelala, na kila tukimaliza tendo ndiyo inazidi.

Jamani, kwa mwanamke aliyefundwa, hiyo ni aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Kwenye kichen pati yangu mwaka 2018, kungwi alinikalisha mkekani akanieleza usafi wa mwanamke mwanzo hadi mwisho: kidole na kitambaa laini hadi ndani, sabuni, maji ya ndimu, na ukimaliza siku zako, maji ya shabu ili mambo yabane. Nilifuata yote, tena kwa bidii kuliko nilivyosoma chuo. Sasa harufu inatoka wapi? Nikajijibu mwenyewe kwamba siogi vizuri. Nikawa naosha ndani asubuhi, jioni, na kabla ya kulala.

Nikaenda duka la dawa. "Kaka, nina fangasi." Hakuniuliza swali hata moja, akanipa dawa ya kuchomeka nikalipa nikaondoka. Wiki moja hivi nikaona kama nafuu, kisha ikarudi. Shosti wangu wa ofisini akasema hiyo ni UTI, sote tunayo, nikameza antibayotiki alizobakiza yeye. Hapa naomba usinicheke, najua na wewe una zilizobaki kwenye droo. Mwishoni nikapata Flagyl, na hiyo kwa kweli ilisaidia, lakini nilipoona nimepona siku ya nne nikaacha. Mwezi haukuisha, tukarudi kule kule. Hadi Julai nilikuwa nimezunguka mzunguko huo mara tatu.

Wakati huo Baba Naima alikuwa ameshahamia chumba cha mtoto. Eti Naima anaogopa giza. Naima ana miaka minne na hajawahi kuogopa giza maishani mwake.

Usiku mmoja akarudi chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuwasha taa. "Mama Naima, nataka unijibu kama mkubwa mwenzangu. Una mtu?"

Mimi mwenye digrii ya mawasiliano, niliyesomea miaka mitatu namna watu wanavyozungumza, sikupata hata sentensi moja ya maana. Nilichopata ni hiki: "Labda wewe ndiye uliyeniletea." Akatoka. Nilisikia mlango wa chumba cha Naima ukifungwa polepole, na ule upole wake uliniumiza kuliko kama angeubamiza.

Kesho yake sikwenda kazini, nikaenda kwa daktari wa wanawake, dada mmoja wa makamo asiye na haraka. Nilimwambia nina fangasi sugu. Akasema, "Mdogo wangu, hebu tupime kwanza." Alichukua majimaji kidogo, akapaka kwenye karatasi ya kupimia asidi, ikabadilika rangi. Uke wenye afya una asidi, kipimo chake hukaa 4.5 au chini ya hapo. Changu kilipita 5. Mengine akayatazama kwa hadubini. Aliporudi akasema: "Huna fangasi. Una bakteria waliopindua serikali."

Jina la kitaalamu ni bakteria vajinosisi. Duniani, karibu mwanamke mmoja kati ya wanne walio katika umri wa kuzaa anao. Na hawa wadudu, kama tunavyopenda kuwaita, si wageni mwilini. Wanasayansi walipokadiria upya mwaka 2016, walipata kwamba mwanaume wa kilo 70 ana seli zake kama trilioni 30 na bakteria kama trilioni 38. Ukiwakusanya wote uzito wao ni kama gramu 200, haufiki robo kilo ya sukari. Wengi wanaishi kwenye utumbo mpana, na kule kadiri wanavyokuwa wa aina nyingi ndivyo mambo yanavyokuwa mazuri.

Ukeni ni kinyume. Kule panapendeza aina moja ikitawala: laktobasili, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa ya mtindi. Daktari mmoja wa Ujerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza tangu mwaka 1892. Wanakula sukari inayotoka kwenye seli za ukuta wa uke, kisha wanatoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo geti. Mharibifu hapiti kirahisi. Kwa hiyo ile sehemu inajisafisha yenyewe, saa ishirini na nne, bure.

Sasa mimi nilikuwa nafanya nini? Nachukua sabuni, ambayo ni adui wa asidi, namwagia walinzi wangu asubuhi na jioni. Wakiisha, wanaingia wengine wanaoitwa gadinerela na kundi lao, wanajenga utando unaonata ukutani. Unameza dawa, wa juu wanakufa, wa chini ya utando wanasubiri. Ukiacha siku ya nne kama mimi, umewaachia mbegu. Kemikali wanazotoa ni zile zile zinazomfanya samaki anuke, na kwa kuwa shahawa hazina asidi, zikikutana nazo harufu inafumka. Ndiyo maana ilizidi baada ya tendo. Miezi yote ile kumbe ilikuwa kemia tu!

Nikambishia. Ndimu si asidi? Akacheka. Ndimu inaunguza ngozi laini ya ndani, halafu inapita, lakini mlinzi uliyemuua harudi na ndimu. Shabu nayo inakausha na kuchubua. Kisha akaacha kucheka. Akanieleza kuhusu utafiti uliofanyika pwani yetu hii hii, Mombasa, kwa wanawake zaidi ya 1,200 wanaofanya biashara ya ngono, waliofuatiliwa kwa miaka 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: walioosha ndani walipata VVU kuliko wasioosha, na waliotumia sabuni ndio walikuwa na hatari kubwa zaidi. Geti likivunjwa, hata virusi wanapata njia. Kwa mjamzito, mvurugiko huo huo unaongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Nilikumbuka nilivyokuwa najiosha nikiwa na mimba ya Naima, nikashika tumbo.

Nikadhani ataandika dawa niondoke. Akasema, "Kwa kuwa imerudi mara tatu, njoo na mume wako."

Mwenzangu, kumshawishi mwanaume asiyeumwa aende kwa daktari wa wanawake si mchezo. Nilimwomba siku tatu. Siku ya nne akakubali, tukaenda hatuongei, redio ikizungumza badala yetu. Tulipokaa tu akauliza kile alichokibeba tangu Aprili: "Daktari, kwa hiyo mmoja wetu katoka nje ya ndoa?"

Daktari hakumkwepa. Alisema ndiyo, mwenza mpya anaweza kuleta mvurugiko huu, lakini hata sabuni peke yake inaweza kuchangia, na hakuna kipimo kinachoonyesha nani alianza wala lini. Bakteria hao wanaweza kukaa kwenye ngozi ya uume bila mwanaume kuhisi lolote, wakarudi kwa mke kila wakikutana. Machi 2025, watafiti wa Australia walitoa matokeo yao: jozi 164 za wenza, nusu yao akatibiwa mwanamke peke yake, nusu wakatibiwa wote wawili. Ndani ya wiki 12, ugonjwa ulirudi kwa wanawake 63 kati ya 100 pale mume alipoachwa, na 35 kati ya 100 pale alipotibiwa. Tofauti ilikuwa kubwa hadi wakasimamisha utafiti mapema. Kwa usalama alitupima pia VVU na kaswende, wote wawili. Tulikuwa salama.

Tukaandikiwa siku saba: mimi dawa zangu, yeye vidonge na krimu ya kupaka asubuhi na jioni. Alitega alamu kwenye simu akaipa jina la "Kikao". Wiki nzima hakuna kukutana, na nakwambia ukweli, hiyo wiki ndiyo tuliyoongea kuliko mwaka mzima uliopita. Aliniomba radhi kwa lile swali. Na mimi nikamwomba kwa lile jibu.

Sasa naosha nje tu, kwa maji. Harufu haijarudi, ingawa daktari amenionya nisishangilie sana, maana hata wale waliotibiwa wote wawili si kila mmoja alipona moja kwa moja. Ikirudi naenda kupimwa, siendi dukani.

Desemba, mdogo wangu alipokuwa na kichen pati yake, shangazi alinipigia niende na shabu. Nikamwambia, "Shikamoo Shangazi, shabu siji nayo," nikamweleza sababu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Marahaba. Sasa mimi nimefunda wangapi?"

Naima naye ana swali lake, analiuliza karibu kila wiki: siku hizi Baba haogopi giza?