Faini Isiyokuwa Yangu



Liko suala ambalo watu huniuliza mara kwa mara baada ya sala, na kila likija huja na sura yake. Mmoja amezidishiwa bili ya maji. Mwingine ameandikiwa dukani deni asilolichukua. Wa tatu mwanawe ametajwa shuleni kuwa hakulipa karo, na risiti anayo. Suala lenyewe ni moja tu: mtu akiandikiwa kosa dogo asilolitenda, lililo bora kwake ni lipi, adai haki yake au anyamaze apate salama? Hivi karibuni suala hilo lilibisha hodi nyumbani kwangu, ikanibidi nijipimie kwa mizani ile ile ninayowapimia wengine. Naeleza nilivyoamua na sababu zake, huenda akanufaika mwenzangu.

Nilikuwa nimekwenda mjini kusaidia familia moja katika hesabu ya mirathi. Nikaegesha gari barabarani, nikalipa kwa simu ada ya siku nzima, shilingi 100, na saa 2:12 asubuhi ujumbe wa kuthibitisha malipo ukaingia. Niliporudi baada ya sala ya Adhuhuri nilikuta karatasi imebanwa kwenye kioo cha mbele. Imeandikwa kwamba gari halikulipiwa maegesho, na faini yake ni shilingi 2,000, ilipwe ndani ya siku saba. Mji wenyewe sitautaja, wala afisi, wala kijana aliyeandika. Makusudio yangu si kumfedhehesha mtu, na kumtaja mwenye kukosea pasipo haja ni katika kusengenya.

Usiku ule baada ya Isha, karatasi ile ikawa mazungumzo ya nyumba nzima. Mke wangu alikuwa wa kwanza kutoa rai. “Bwana, lipa tupumzike. Ukienda huko utapoteza siku, na nauli, na utarudi umekasirika. Shilingi 2,000 zitarudi, siku hairudi.” Jirani yetu, mzee mstaafu aliyekuja kunywa kahawa, akaona njia fupi zaidi: “Sheikh, mwakilishi wetu wa wadi si alisoma kwako Juzuu Amma? Mpigie simu moja tu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.” Kisha mwanangu wa kiume akaichukua karatasi, akaisogeza kwenye taa, akacheka. “Baba, hii si yetu. Itupe. Herufi ya mwisho ya gari letu ni U, na hapa wameandika V.”

Nikatazama, na kweli ilikuwa hivyo. Hapo nikafahamu jinsi kosa lilivyotokea. Askari alisoma V mahali pa U, akaiingiza kwenye mashine yake, akatafuta malipo ya namba ile, asiyaone. Akaandika faini. Sisi tuliofunzwa kusoma kwa ubao na wino twajua herufi ina uzito gani. Nukta ya ba ikipanda juu katikati ya neno, ba huwa nun, na maana yote imekwisha kugeuka. Ndiyo maana mwalimu hakutuacha tuvuke aya mpaka kila nukta ikae mahali pake.

Basi nikawa na njia nne mbele yangu: kulipa, kupiga simu, kutupa, au kwenda kudai. Nilizipima moja moja.

Kunyamaza na kulipa kuna fadhila yake, wala si jambo la kudharauliwa. Katika Suratu Shuura, kuanzia aya ya 40, Mwenyezi Mungu ameweka daraja mbili. Aliyedhulumiwa akadai haki yake halaumiwi, na aliyesamehe na kusuluhisha malipo yake yako kwa Mola wake. Tena iko hadithi aliyoipokea Abu Daud ambamo Mtume wetu (s.a.w.) amemdhamini nyumba kandokando ya Pepo mtu anayeacha ubishi hata kama haki iko upande wake. Mwenye kuijua hadithi hiyo huona haya kwenda kugombana afisini kwa shilingi 2,000.

Lakini dini yetu haikumfunga mdomo mwenye haki. Wamepokea Bukhari na Muslim kisa cha mtu aliyekuwa akimdai Mtume (s.a.w.) ngamia, akaja kudai kwa maneno makali mpaka Masahaba wakataka kumwadabisha. Mtume (s.a.w.) akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Kudai, basi, si utovu wa adabu. Ubishi uliokatazwa ni ule wa kutaka kushinda. Kuonyesha risiti kwa upole si ubishi.

Kwa upande wa fikihi jambo lilikuwa jepesi. Asili ya mtu ni kuwa dhima yake haina deni mpaka lithibiti. Ushahidi ni juu ya anayedai. Na yakini haiondolewi na shaka: ujumbe wa saa 2:12 ni yakini, na herufi iliyosomwa vibaya ni shaka. Kwa hivyo haki ya kudai ninayo, na haki ya kusamehe pia ninayo. Kama mambo yangeishia hapo, pengine ningefuata rai ya mke wangu.

Hayakuishia hapo. Nilipolala niliifikiri ile herufi V. Gari lenye namba ile si la hewani. Lina mwenyewe. Huenda ni mwalimu, au muuza samaki, au kijana anayeendesha teksi kwa mkopo. Karatasi ilibanwa kwenye kioo changu, lakini daftarini kosa limeandikwa juu yake yeye. Siku saba zitapita bila ya yeye kujua lolote, na siku moja gari lake litafungwa gurudumu kwa chuma mbele ya watu kwa faini asiyopata kuiona.

Hapo ndipo rai ya mwanangu ilipoanguka. Kutupa karatasi kungenitoa mimi na kumwacha mwenzangu ndani. Mtu husamehe kilicho chake, na haki ya mtu mwingine si yangu hata niisamehe. Wengi wetu tukikuta kosa limetupita likamwangukia jirani, husema alhamdulillahi na kwenda zetu. Shukrani ya namna hiyo inahitaji kutazamwa tena.

Mke wangu, kwa busara yake, asubuhi alinijibu: “Basi lipa hiyo namba ya V, utakuwa umemlipia mwenzako. Si sadaka hiyo?” Nilifikiri sana kabla ya kumjibu, maana neno lake lina nuru. Lakini kulipa faini ni kuithibitisha. Daftari lingebaki likisema kwamba mtu yule alikosa na akaadhibiwa, hali hakukosa. Sadaka humpunguzia mtu dhiki, haimsafishii jina. Naye akakubali.

Ilibaki simu ya mwakilishi wa wadi. Naikiri hisani ya jirani yetu, lakini njia ile nimeiona inavyowaumiza wanyonge. Mwenye mwanafunzi serikalini hutoka kwa simu moja, na asiye naye hulipa asichodaiwa. Haki ikipatikana kwa jina la mtu, wasio na majina huikosa. Na iko njia mbaya kuliko hiyo, ambayo mtu mmoja pale barabarani alininong’onezea, kwamba nimpe kijana mia tano akaisahau. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji, na laana haina kiwango cha chini cha pesa.

Nikaamua kwenda mwenyewe, na nikajiwekea mpaka: barua moja na safari zisizozidi mbili. Zikipita hizo, nitamwachia Mwenyezi Mungu. Kudai kusiko na mwisho humla mtu moyo, na wahenga wamesema hasira hasara.

Afisini nilipanga foleni kama wenzangu. Zamu yangu ilipofika, dada karani alinisalimu shikamoo, akaipokea karatasi, akaitazama pamoja na picha ya gari langu na ule ujumbe wa malipo. Akashangaa. “Sheikh, namba hii si yako. Kwa nini hukuitupa tu?” Nikamwambia, “Binti yangu, ni namba ya mtu.” Akanyamaza kidogo, kisha akafungua kompyuta, na faini ikaonekana pale pale juu ya namba yenye V.

Msimamizi wake alipoitwa, neno lake la kwanza lilikuwa ni nani aliyeandika, aitwe ajieleze. Hapo nilihofia jambo jingine. Kijana yule husimama juani tangu asubuhi, anaandika namba kwa mamia, na sikutaka kuondoa dhulma kwa mmoja nikamtia mwingine. Nikaomba iandikwe katika barua yangu kwamba ni kosa la kusoma herufi, halikuwa na nia mbaya, na kwamba afadhali mashine ionyeshe aina na rangi ya gari kabla faini haijatolewa. Bukhari amepokea agizo la Mtume (s.a.w.) la kumnusuru ndugu yako akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na kumnusuru anayedhulumu ni kumzuia asidhulumu. Kumwonyesha mtu kosa lake kwa upole ni katika kumzuia. Msimamizi akatia muhuri nakala yangu. Nilipokwenda mara ya pili, faini ilikuwa imefutwa. Mwenye gari la V hajui, wala hana haja ya kujua.

Wapo wanaodhani kulalamika dhidi ya afisi ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na wanaharakati. Imam al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameandika katika al-Ahkam as-Sultaniyya mlango mzima juu ya diwani ya madhalimu, yaani baraza la kusikiliza malalamiko dhidi ya wenye mamlaka. Miongoni mwa kazi zake ametaja kuchunguza dhulma za wakusanyaji mali na mwenendo wa makarani wa daftari. Zaidi ya miaka 900 imepita, na karani na daftari bado wapo. Na mwananchi wa Kenya leo ana kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, kinachompa haki ya kutendewa na afisi za umma kwa haraka, kwa halali na kwa insafu, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Ikafuatiwa na sheria yake mwaka 2015. Na akikwama kabisa, iko tume ya kupokea malalamiko ya umma, iliyoundwa mwaka 2011.

Kwa hivyo, mwenzangu, yakikufika kama haya, fanya upesi kabla siku ulizopewa hazijapita. Usifute ujumbe wa malipo katika simu. Piga picha ya gari, ya namba yake, na ya karatasi. Soma karatasi yote kabla ya kukasirika: namba, barabara, tarehe na saa, kwani mara nyingi kosa lenyewe limejiandika humo. Andika barua fupi yenye mambo yaliyotokea tu, bila matusi wala dhana, na uondoke na nakala yenye muhuri na tarehe. Weka mpaka wako mapema, ujue utakomea wapi.

Na kabla ya hayo yote jiulize: haki hii ni ya nani? Ikiwa ni yako peke yako, una hiari, na kusamehe ni bora kwako. Ikiwa ndani yake mna sehemu ya mtu mwingine, basi kunyamaza kwako si usamehevu. Ni kuisamehe mali ambayo si yako.

Tumuombe Mola wetu atupe macho ya kuona herufi za wenzetu, ulimi laini wa kusema kweli, na subira pale kweli inapochelewa. Awape wanaofanya kazi juani wepesi katika riziki yao, na awape wanaokaa afisini insafu katika madaftari yao, kwani liko daftari ambalo halina herufi iliyokosewa, nasi sote tutasomewa.

Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.