Maonyesho ya mbao na jina la fundi



Maonyesho, ao "foire" kama tunavyozoea kusema mjini, si jambo la bankambo wetu. Kitambo, mtu aliyehitaji kiti alimfuata fundi kule kwake. Fundi alijua nani atakikalia, uzito wake, cheo chake, na hata ugomvi wake na ndugu zake. Kiti kilipotoka mikononi mwa fundi kilikuwa na mwenyewe tayari. Leo sisi wachonga mbao tunafanya kinyume. Tunabeba viti, sanamu na vijiko, tunavipanga juu ya meza, halafu tunangoja watu wasiotujua.

Kwa hiyo wazee wanatuuliza mara mingi: "Ninyi munaendaka ku maonyesho, munachunga desturi ao munaiuzisha?" Swali ni zito na linastahili jibu. Jibu letu linasimama juu ya kitu kidogo sana, kinachoenea chini ya kiti. Kitu hicho ni jina.

Kwanza tuseme sisi ni nani. Si wote kati yetu wanakula kwa mbao. Kuna mafundi wenye ateliye, lakini kuna pia walimu, wafanyakazi wa reli na munganga mmoja, ambao wanashika tezo na rabo siku ya yenga tu, kwa kupenda. Maonyesho yanatukutanisha wote. Mengine duniani ni makubwa. Huko Hannover, Ujerumani, kuna LIGNA, tangu 1975, ambako watu wanaenda kutazama mashini za kupasua na kulainisha mbao. Huko Ouagadougou, Burkina Faso, kuna SIAO, tangu 1988, inayokusanya watu wa kazi za mikono kutoka pande nyingi za Afrika. Kinshasa iko na FIKIN, ambako viti na vitanda vinakaa jirani na muziki na bia. Lakini maonyesho tunayoyajua sana sisi ni madogo: kiwanja cha parokia, ukumbi wa mtaa, lupango ya shule wakati wa likizo. Meza ni mbili ao tatu, jua ni kali, na watoto wanagusa kila kitu.

Mgeni wa maonyesho mwenye akili hatazami uso wa kitu tu. Anaomba ruhusa, kisha anakigeuza. Chini ya kiti ndiko kuna ukweli. Pale unaona kama mguu umeshikwa kwa ulimi na tundu, ao kwa misumari na gundi tu. Unaona kama kiini cha mti kimebaki ndani, kwani kiini kikibaki, ufa unatokea pale. Ukipitisha kidole na weusi ukabaki kwenye kidole, ujue ni siraji ya viatu, si rangi ya mbao. Sisi tumejifunza mengi kwa kugeuza vitu vya wengine kuliko kwa kusikiliza hotuba za ufunguzi. Na ni pale chini tunapotafuta jina la aliyechonga. Mara mingi hakuna.

Kukosa jina huko kuna historia yake, na historia hiyo inapita ndani ya maonyesho. Mwaka 1897, maonyesho makubwa ya Brussels yalikuwa na sehemu ya Kongo huko Tervuren, kwa mapenzi ya mfalme Leopold II. Watu 267 wa Kongo walipelekwa huko ili watazamwe. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Mbao zetu pia zilipelekwa. Wasanii wa Bulaya, Paul Hankar, Georges Hobé, Gustave Serrurier-Bovy na Henry van de Velde, walipewa kazi ya kupamba vyumba. Hobé alitumia mbao ya bilinga kutoka Kongo, akaipinda kama matawi ya mti. Vitabu vinaandika majina yao mpaka leo. Na zile sanamu zilizowekwa katika vyumba hivyo? Majina ya waliozichonga hayakuandikwa. Nyumba ni moja na mbao ni za nchi moja, lakini aliyepamba ukuta ana jina, aliyechonga sanamu hana. Toka maonyesho yale ndiyo ilizaliwa makumbusho ya Tervuren.

Tuchukue pia habari ya Buli, kijiji cha kaskazini mwa Katanga, upande wa mto Lualaba. Kuna viti na sanamu za Waluba zinazotoka pande hizo ambazo zinafanana sana: uso mrefu, mashavu yaliyobonyea, mikono mikubwa, kama mtu aliyeona taabu mingi. Frans Olbrechts, mtaalamu wa Ubelgiji aliyekusanya kazi za Kongo kwa maonyesho ya Antwerp ya 1937-1938, alifundisha kwamba mkono wa fundi unaweza kutambulika hata bila jina. Wataalamu wakampa fundi yule jina la kijiji, wakamwita Fundi Mkuu wa Buli. Baadaye utafiti ukaleta jina la mtu: Ngongo ya Chintu. Makumbusho ya Metropolitan huko New York, ambayo iko na kiti cha mkono huo, inaandika jina hilo pamoja na neno "labda". Wengine wanaona kuna zaidi ya mkono mmoja, wa fundi na wa mwanafunzi wake. Fikirini, ndugu: kazi inajulikana dunia nzima, na jina la aliyeifanya linategemea neno moja la mashaka.

Wazee wanatujibu: "Lakini bankambo habakuandikaka jina ku kiti." Ni kweli. Kiti cha mfalme wa Waluba hakikuwa kiti cha kukalia na kuzungumza. Kilifungwa ndani ya kitambaa cheupe, kilikuwa na mlinzi wake, na kilitolewa siku kubwa tu. Fundi hakuhitaji kuandika jina, kwa sababu wa kwao walimjua. Jina lilikaa midomoni mwa watu.

Lakini tusiseme kwamba bankambo hawakujali majina. Watu wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga na michoro. Walipitisha vidole juu yake wakikumbusha wafalme, pahali na safari. Basi, bankambo walichunga majina, tena waliyachunga ndani ya mbao! Kilichobadilika ni kwamba kiti chetu leo kinaondoka kwenda kwa watu ambao hawana midomo ya kututaja.

Jambo hili lilitufikia mezani kwetu. Katika maonyesho fulani, mfanyabiashara mmoja alishika viti vitatu, akavigeuza, akasoma chini, akatabasamu. Akasema: "Papa, kazi iko muzuri. Lakini utoe hii jina huku chini. Nitakulipa mara mbili." Tulielewa palepale. Kiti bila jina kinaweza kufukizwa moshi, kupakwa mafuta, kuzikwa udongoni miezi michache, kisha kuuzishwa Bulaya kama kitu cha miaka mia. Chenye jina na mwaka, hapana. Akatupa muda wa kufikiri mpaka kesho yake asubuhi.

Usiku ule hatukulala mapema. Mmoja wetu alikuwa na deni la masomo ya watoto, na shule ilikuwa imekwisha kuwarudisha nyumbani. Akasema: "Batoto habawezi kukula jina." Hakuna aliyecheka, kwani alisema kweli. Mwingine akamjibu polepole kwamba yule atakayenunua kiti kwa bei kubwa atasema kesho: mafundi wa kweli wa Kongo walikwisha kufa, hawa wa leo hawajui kitu. "Tutajizika sisi wenyewe pamoja na ile kiti," akasema. Wengine wakaunga mkono huyu, wengine yule. Maneno yakawa makali.

Muzee wetu alikuwa amenyamaza. Yeye ndiye aliyepinga majina tangu mwanzo, na viti vyake vilikuwa bado tupu huku chini. Tukamwomba neno. Akasema: "Mimi jina yangu siandike. Lakini hakuna mutu ataniuzisha sawa vile nilikufaka kitambo." Kisha akaomba chuma cha moto. Chini ya kiti chake akatuandikisha jina la kijiji chake na jina la yule aliyemfundisha kuchonga. La kwake aliliacha, na sisi tulimwacha vile.

Asubuhi tulikataa ile bei. Mfanyabiashara hakukasirika. Alienda meza nyingine, na huko alipata alichotaka. Siku ile tuliuza kiti kimoja, kwa mama mmoja aliyetaka zawadi ya ndoa, na vijiko. Kwa hiyo tukafanya likelemba ndogo kati yetu, na ndugu mwenye deni la masomo akawa wa kwanza kupokea. Tunasema hili juu ya wale wanaofikiri kwamba kuchunga desturi ni maneno matamu tu. Inalipwa. Na kama kikundi hakisaidii kulipa, usimlaumu fundi mwenye njaa akifuta jina lake.

Tangu wakati ule, kila kitu kinachotoka kwetu kwenda maonyesho kina alama ya chuma cha moto: jina la fundi, ao la mwalimu wake, mahali, mwaka, na jina la mti. Msishangae kwamba tunaandika mti. Wauzaji wengi wanaita kila mbao nyekundu "mulombwa", ule ambao Watanzania wanaita mninga. Ndugu yake mukula ulikatwa kwa wingi sana Katanga katika miaka ya 2010, magogo yakaenda China. Mwaka 2019 mukula ukaingizwa katika orodha ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya miti na wanyama walio hatarini kati ya nchi na nchi. Mwaka 2022 nchi za mkataba ziliamua kuongeza jamaa yote ya miti hiyo ya Afrika, mulombwa ndani yake. Afrormosia ya pande za Kisangani iko katika orodha tangu 1992. Anayebeba mbao kuvuka mpaka bila kujua jina la mti anajitafutia shida, na anayekata bila kuujua anatafutia shida watoto wake.

Mti una haki nyingine pia: kupewa muda. Mafundi wana hesabu ya zamani: mwaka mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 ya unene, kivulini, vichwa vya mbao vikiwa vimepakwa rangi ao nta ili maji yasitoke haraka upande ule. Mbao iliyokauka vizuri katika hewa ya Kinshasa inaweza bado kupasuka Lubumbashi mwezi wa nane, wakati hewa ni kavu kabisa. Kwa hiyo anayetaka kuonyesha kiti mwaka huu alipaswa kupasua mbao yake zamani. Haraka ya maonyesho imepasua viti vingi mbele ya wanunuzi.

Basi, ndugu wasomaji, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, ninyi mafundi, na ninyi wa siku ya yenga pia, andikeni jina kabla kitu hakijatoka nyumbani, kwani ukifika mezani bei itakusemesha mengine. Pili, ninyi wenye kupanga maonyesho, msiandike juu ya karatasi "kazi ya Waluba" ao "kazi ya Walega" tu, na fundi mwenyewe amesimama pale nyuma ya meza. Kabila halishiki tezo. Mtu ndiye anayeshika. Tatu, ninyi wenye kutembelea, geuzeni kiti. Na kabla ya kuuliza "Bei gani?", ulizeni kwanza "Nani alichonga?" Kama fundi yuko, atajibu mwenyewe, na pengine atawaambia pia nani alimfundisha. Kwa njia hiyo jina litarudi midomoni, pale bankambo walipoliweka.