Bahari ya Mji Kasoro Bahari

Mtu wa Morogoro hahitaji kuambiwa mji wake umepungukiwa nini. Jina la utani limeshasema: mji kasoro bahari. Milima ya Uluguru tunayo, mito inashuka na kupita kati ya mitaa, na matunda ya Mkuyuni na Matombo na mboga za Mgeta zinashushwa sokoni alfajiri mpaka mtu anachagua. Bahari tu ndiyo inatubidi tuifuate iliko. Nimekua nikiwaangalia wakubwa wakipanga safari ya siku moja kwenda pwani, na sasa mimi mwenyewe ni miongoni mwa wanaopanga na kulaumiwa. Katika miaka yote hiyo nimegundua kwamba ufuko tunaokwenda hatujawahi kuuchagua wenyewe. Njia ndiyo inayotuchagulia.

Miaka ya 1990, nilipokuwa mdogo, bahari ilikuwa Dar es Salaam na hapakuwa na mjadala. Kinamama wa mtaa wetu walianza kuchanga mara tu Pasaka inapopita ili Sabasaba iwakute tayari. Mweka hazina alikuwa shangazi. Alikuwa na kaunta buku alilolivika gazeti ili jalada lisichakae. Ndani alichora mistari kwa rula, jina upande wa kushoto, michango upande wa kulia, na deni akaliandika kwa wino mwekundu. Asiyekuwa na fedha aliruhusiwa kuleta mchele, mafuta au kuku, naye shangazi akaandika hivyo hivyo: mchele kilo mbili, kuku mmoja jogoo. Hakuna aliyeachwa kwa kukosa hela, ila hakuna aliyepanda basi bila jina lake kuwa kwenye lile buku.

Usiku wa kuamkia safari haukuwa wa kulala. Pilau lilipikwa usiku wa manane, sufuria likafunikwa na kufungwa kwa kanga mbili, mayai yakachemshwa, maandazi yakajazwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Watoto tulilazwa tumeshavaa nguo za safari. Basi lilikuja saa kumi alfajiri, na hapo ndipo tulipojua ukweli wa safari hiyo: barabara ndiyo iliyokula siku. Mikese, Ubena Zomozi, Chalinze tukachimba dawa, Mlandizi, Kibaha, kisha foleni ya kuanzia Kimara iliyowafanya hata waimbaji wakae kimya. Baada ya hapo ni Kivukoni, kusubiri pantoni ituvushe Kigamboni. Ukikanyaga mchanga, jua limeshapanda. Saa tisa alasiri anaanza kusikika mtu akiita majina, maana tukichelewa pantoni tutaingia Morogoro usiku wa manane. Siku nzima tumetoka kwa ajili ya bahari, na bahari yenyewe tukaipa saa chache, nyingine zote zikaenda barabarani.

Kwamba bahari yetu ilikuwa Dar, hilo lilikuwa limeshaamuliwa na reli zamani. Kabla ya reli, mtu wa huku akitamka pwani alimaanisha Bagamoyo. Misafara iliyokwenda na kutoka bara ilipita chini ya Uluguru, kwenye mji wa Simbamwene ulioasisiwa na Kisabengo ukazungushiwa ukuta wa mawe. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alipita hapo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, kisha wakapanda na njia hiyo hiyo mpaka huku kwetu. Kisha Wajerumani wakahamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, wakaanza kujenga Reli ya Kati kutoka huko mwaka 1905, na mwaka 1907 reli ikafika Morogoro. Tangu siku hiyo bahari ya Morogoro ikahama. Bagamoyo ikabaki ya vitabu vya historia.

Bagamoyo ilirudi kwa lami. Barabara ya Bagamoyo mpaka Msata, kilomita 64, ilipowekwa lami miaka ya 2010, hesabu zote zilibadilika. Ukifika Chalinze huna haja tena ya kwenda kupigana na foleni ya Dar: unakata kushoto barabara ya Segera, unapita Lugoba kwenye malori ya kokoto, unafika Msata, unakata kulia. Barabara ni nyeupe, magari machache. Kiwangwa unasimama kununua mananasi yaliyopangwa barabarani kwa mafungu, na muuzaji anakukatia kipande uonje kabla hujauliza bei. Ukikaribia Bagamoyo unavuka daraja la Mto Ruvu.

Kwenye daraja hilo ndipo mjomba alipojipatia umaarufu. Alikulia Matombo, na Ruvu ni mto unaoanzia huko Uluguru. Kosta tuliyokodi ilipoingia darajani akasimama, akashika bomba la juu, akatangaza: "Jamani, haya maji ni yetu. Tumewatuma watangulie, na sisi ndiyo tunafika." Kosta nzima ikacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Maji yanayotoka kwenye mabonde ya kwao ndiyo yanayoingia baharini hapo kaskazini ya Bagamoyo, na njiani yamenywesha Dar es Salaam.

Tulifika Bagamoyo saa nne kasorobo, mapema kuliko tulivyowahi kufika ufuko wowote. Watoto wakaruka kabla gari halijazimwa. Wakasimama. Mbele yao palikuwa na mchanga mweusi, mashua zimelala ubavu, kinamama wawili wanaokota kitu kwenye madimbwi, na bahari ikiwa mstari mwembamba huko mbali. Mzee mmoja alikuwa ameketi kando ya ngalawa yake akishona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmetoka wapi wageni?"

"Morogoro."

"Ah, mji kasoro bahari." Akacheka mpaka akaacha sindano. "Leo hata sisi hatuna. Jana usiku mlitazama mwezi?"

Hakuna aliyekuwa ameutazama. Mwezi ulikuwa mpevu, na mzee akatueleza kwa upole kama anafundisha darasa la kwanza. Mwezi ukiwa mpevu, na vile vile ukiandama, huwa ni bamvua: maji hupwa sana na kujaa sana. Siku hizo pwani yetu hii hupwa saa nne mpaka saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni. Kila siku maji huchelewa karibu saa nzima kuliko jana yake. Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi saa nne maji yamejaa, ila ni maji mafu, hayana nguvu ya kupanda wala kushuka sana. "Nyie mnaotoka mbali," akasema, "msije na tarehe za mzungu peke yake."

Siku hiyo ndiyo iliyotufundisha kupanga. Badala ya kukaa kulinda matope, dereva akageuza gari tukaenda Kaole, kilomita chache kusini, kwenye msikiti na makaburi ya nguzo yaliyoanza karne ya 13. Watoto waliokuwa wamenuna wakaanza kukimbizana na mtembezaji wakiuliza nani amezikwa wapi. Tukarudi misheni, tukapita chini ya miembe mikubwa, tukaoneshwa mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone usiku mmoja Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi na Chuma na wenzao kuubeba kutoka mbali, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mjomba alisimama pale muda mrefu kuliko wote. Akasema wengi wanamkumbuka aliyebebwa, yeye anawafikiria waliobeba. Tukala pilau chini ya mti, tukanunua pweza na changu pale soko la samaki, na saa nane bahari ikaanza kurudi yenyewe mpaka miguuni petu. Tukaogelea maji yanayopanda, ambayo ndiyo matamu kuliko yote.

Tangu hapo ratiba yetu ikawa na mantiki. Bamvua, asubuhi ni ya Kaole, misheni, Ngome Kongwe na Boma la Wajerumani, na mchana ni wa maji. Kama hamtaki historia, chagueni tarehe ya 9 mpaka 11 au ya 24 mpaka 26 ya mwezi wa Kiislamu, maji hujaa kuelekea adhuhuri. Shangazi, ambaye ni Mkristo wa kujitolea kanisani, akaanza kutundika jikoni kalenda ya Kiislamu. Majirani waliuliza, naye akawajibu kwamba ni ya pweza.

Halafu ikaja treni. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ikikimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, nauli ya daraja la kawaida shilingi 13,000. Safari iliyokuwa ikitutoa jasho asubuhi nzima sasa ni chini ya saa mbili. Bahari ikahama tena, ikarudi Dar. Mpwa wangu na wenzake wanakata tiketi kwenye simu usiku, asubuhi wanaonesha kitambulisho stesheni, na kabla sijamaliza chai wananitumia picha wakiwa Coco Beach wanakula mihogo. Pantoni bado ipo, lakini tangu 2016 kuna pia daraja la Kigamboni kwa asiyetaka kusubiri. Hakuna kikao, hakuna mchango, hakuna mtu anayeita majina.

Siwaonei wivu, ila nimekaa nikapiga hesabu. Kosta ikishakodiwa, bei yake ni ileile awemo bibi au asiwemo, na mtoto atapakatwa. Kwenye treni kila mtu mzima ni tiketi yake, kwenda na kurudi, na mchele kilo mbili haupokelewi dirishani. Familia ya watu wazima sita kwa nauli hiyo imeshafika laki moja na nusu na zaidi, bado hawajapanda daladala ya kwenda ufukweni wala kununua soda. Waliokuwa wakiandikwa kwa kuku ndio wanaobaki nyumbani. Na sufuria la pilau halina siti.

Tena treni imeharakisha sehemu moja tu. Nilimuuliza mpwa wangu walikuta maji yako wapi siku ile ya kwanza. Akasema yalikuwa mbali, wakapiga picha juu ya mawe kisha wakarudi mapema. Nikamuuliza mwezi ulikuwaje. Akafungua simu kutafuta. Siku hizi simu ina programu za maji kupwa na kujaa kwa kila bandari, saa na dakika, na hana haja ya kumsubiri mzee wa ngalawa. Lakini kuwa nayo mfukoni na kuitazama kabla ya kukata tiketi ni mambo mawili. Zamani barabara ilitupokonya saa za bahari. Leo barabara imetuachia saa hizo, na bahari bado ina ratiba yake ambayo haijapunguzwa hata dakika moja na lami wala umeme.

Kwa hiyo kwenye kikao cha mwaka huu, ambacho kwa asilimia kubwa kilifanyika kwenye kundi la WhatsApp, vijana walipendekeza treni na Coco Beach. Wakubwa wakataka Kosta na Bagamoyo kwa njia ya Msata. Mabishano yalichukua wiki. Mwisho shangazi akatuma ujumbe wa sauti, mfupi: tarehe ni ya 10 ya mwezi wa Kiislamu, maji yatajaa adhuhuri, ufuko ni Bagamoyo, na mchango unaweza kuwa fedha au chakula. Anayetaka kupanda treni apande, akishuka Dar atafute gari la Bagamoyo, atukute.

Mpwa wangu ameweka dau kwamba atatutangulia. Mjomba amelikubali dau hilo bila kufikiri mara mbili. Treni inakimbia mpaka Dar, amesema, lakini foleni ya Mwenge na Tegeta haiendeshwi kwa umeme.