Kumfunza Mjomba Ubao wa Tanga

Mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii huwasadifu mno vijana wa Diani, kusini mwa Mombasa, ambao riziki yao ni kuwafunza wageni kusafiri juu ya ubao wenye tanga, mchezo uitwao ufuoni windisafingi. Mgeni ashukaye leo kutoka Ulaya huenda kesho asubuhi akawa amesimama ubaoni. Ilhali dadake mwalimu, aliyezaliwa hatua chache kutoka baharini, hajapata kuingia majini kupita magoti. Gharama ni sababu mojawapo, kwani vifaa ni mali ya tajiri. Hata hivyo, kijana mmoja wa huko alipojipatia ubao wake mwenyewe, mkuukuu lakini mzima, na kuazimia kuwafunza watu wake, alitambua kwamba tatizo halikuwa ubao pekee. Udugu nao ulikuwa na uzito wake.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa mjomba. Miongoni mwa Wadigo mjomba si mtu wa kufanyiwa mzaha. Tangu jadi mwana alihesabiwa katika ukoo wa mamake, na kauli ya nduguye mama ilikuwa nzito. Tena mzee huyu alikuwa amevua kwa ngalawa zaidi ya miaka thelathini. Sasa mpwa amwambie, "Inama! Nyoosha mkono! Usitazame miguu!"? Kwa mgeni amri hizo humtoka kijana bila kufikiri. Kwa mjomba ziligeuka dua: "Mjomba, kama hutojali, naomba upinde magoti kidogo." Mzee alikuwa amekwisha kuanguka kabla adabu haijafika mwisho wa sentensi.

"Mpwa wangu," akasema huku akitema maji ya chumvi, "chomboni hakuna cheo cha nyumbani. Nahodha akisema 'tua tanga', hata babake hutua. Niamrishe."

Hapo ndipo somo lilipoanza, na hapo ndipo lilipokwama tena. Kijana alikuwa amejifunza kazi yake yote kwa Kiingereza. Alijua kumweleza Mjerumani upande upepo utokako na upande uendako, lakini alipotaka kumweleza mjombake alibaki kuashiria kwa kidole na kusema "huku" na "kule". Mzee akamshangaa. Upande utokako upepo si ndio goshini? Na ule mwingine si ndio demanini? Kusogeza chombo karibu na upepo si ndiko kwenda joshi? Na kuupanda upepo kwa kukata kombo, mara huku mara kule, ndiko kubisha. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za michezo ya kisasa wangefaa kukaa saa moja na mvuvi. Kitenzi kile kile kitumikacho kwa mtu agongaye mlango na kwa mtu akataaye kushawishika ndicho kielezacho namna ya kurudi nyumbani upepo ukiwa usoni.

Lililomsumbua mjomba ni usukani. Ubao huu hauna. Ukiliinamisha tanga kuelekea omo, ubao huukimbia upepo. Ukiliinamisha kuelekea tezi, ubao huugeukia upepo. Mlingoti umeungwa kwa kiungo kinachopinda pande zote, kwa hiyo tanga lenyewe ndilo usukani. Mzee alilifahamu jambo hilo kwa akili mara moja, lakini mkono wake wa kulia uliendelea kwa siku nyingi kupapasa nyuma, ukitafuta mpini usiokuwapo. Mwanafunzi ajuaye mengi ana kazi ya ziada ya kusahau.

Mchezo wenyewe, inafaa kutajwa, una asili ya kifamilia. Newman Darby wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, alipobuni ubao wake wa tanga mnamo 1964, mkewe Naomi alishirikiana naye, na ndiye aliyelishona tanga. Jim Drake na Hoyle Schweitzer wa California waliomba hataza ya ubao wao baadaye, mwaka 1968. Mwaka 1984 mchezo ukaingia Olimpiki huko Los Angeles kwa wanaume. Wanawake walingoja hadi Barcelona, 1992.

Dada mtu hakungoja kiasi hicho, ila alicheleweshwa na mapenzi. Kakake alimpa ubao mpana na tanga dogo la mita tatu za mraba, akachagua asubuhi ya upepo mwanana, akafanya kila lipasalo. Kisha akashika mkia wa ubao na hakuuachilia. Dada alisimama vizuri kabisa kwa wiki nzima, na hakujifunza lolote, kwa kuwa ubao haukuwa ukielea, ulikuwa umeshikwa. Mgeni humwachia aanguke, maana kuanguka ndiko kujuako mizani. Nduguye akiyumba tu, moyo wake mwenyewe humwanguka.

"Kaka, niachilie," dada alisema, mara ya kwanza kwa upole, mara ya tatu kwa ukali.

Aliachilia. Ulikuwa msimu wa kusi, upepo uvumao kutoka kusini-mashariki, na ufuo wa Diani hutazama mashariki. Kwa hiyo asiyejua kubisha husukumwa kaskazini na kurejeshwa polepole pwani. Bahari ya ndani ya mwamba ina huruma hiyo. Dada alichukuliwa mbali, akatua kwenye maji ya mapajani, akarudi kwa miguu akiuburura ubao, huku kakake akimkimbilia na kope zimemlowa. Msichana alikuwa akicheka. Siku ya tano alirudi bila kushuka ubaoni.

Rafiki, mwendeshaji wa bodaboda, hakutaka hayo ya polepole. Alitaka foili: bawa lililofungwa chini ya ubao kwa mguu wa karibu mita moja, ambalo maji yakipita kwa kasi huunyanyua ubao wote hewani. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikuwa na mashua ya namna hiyo iliyozidi kilomita 110 kwa saa mwaka 1919. Na katika Olimpiki ya Paris ya 2024, mbao za tanga zilizoshindana huko Marseille zilikuwa za foili. Kwa rafiki, mwalimu alikuwa na kosa la tatu: hakuogopa wala kuheshimu, alijigamba. Alimpa tanga kubwa mno. Ubao ulipopaa, rafiki aliegemea nyuma, ukainuka omo kama pikipiki iliyosimamia gurudumu moja, kisha ukamtupa. Kofia ngumu ilimnusuru na ncha ya bawa. Walingoja tena maji yajae, kwani mguu wa foili hugonga mchanga maji yakipwa, na safari hii wakachukua tanga dogo na maneno machache: uzito mbele.

Mjomba alilichunguza bawa lile juu ya mchanga, akalipapasa, akaliita mkuku wenye mbawa. Jina hilo limekaa. Dada ndiye anayelitumia zaidi, Jumamosi asubuhi, akiwafunza wasichana wa jirani. Na sasa mamake pia amekwisha kupanda ubaoni. Kaka mtu huruhusiwa kutazama akiwa ufuoni, mikono nyuma.