Kadi ya sauti au nyuzi za gitaa?

Jamani, kiboksi chetu cha muziki pale kituoni, ile Raspberry Pi 4, kinavuma kwenye spika, hasa wimbo ukiwa wa taratibu. Wenzetu wengine wanasema tukiongezee kadi ya sauti juu ya zile pini 40, maana tundu la hedifoni halina chipu maalumu ya kugeuza sauti. Ni kweli. Ila pesa iliyopo ni ya nyuzi za gitaa la kwaya, na pini zikikosewa kinaungua, na hatuna kingine. Jana tukachomoa chaja ya sola, tukakiwasha kwa pawabenki: mvumo ukapungua sana! Kumbe uchafu mwingi unaingia na umeme. Kadi ingoje. Tunatafuta chaja nzuri ya volti 5, ampea 3, na nyuzi zinunuliwe kabla ya Jumapili.