Mshenga wa Bidhaa

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika zama hizi bidhaa zote, nzuri na mbaya, hujitembeza, na mshenga wake ni tangazo. Mshenga wa ndoa husifu mposaji. Mshenga huyu humsifu mnunuzi kwa sifa asizokuwa nazo, akamwahidi kwamba atazipata akinunua. Katika ahadi zake hapana iliyo tamu kwa kijana kuliko ya kuwa mwanamume kamili.

Kisa cha sigara ya Marlboro chatosha kuwa ushahidi. Ilipotolewa Marekani mwaka 1924 ilikusudiwa wanawake. Ilisifiwa kwa upole, na baadaye ncha yake ilitiwa wekundu ili alama za rangi ya midomo zisionekane. Miaka 30 hivi ikapita. Wataalamu walipoonyesha kwamba uvutaji una uhusiano na saratani ya mapafu, wavutaji wenye hofu walitafuta sigara zenye kichujio. Lakini wanaume wengi walikiona kichujio kuwa kitu cha kike. Ndipo Leo Burnett, mtunga matangazo wa Chicago, alipopewa kazi ya kuigeuza Marlboro. Hakuitafutia hoja, aliitafutia sura. Kuanzia mwaka 1955 matangazo yake yalijaa wanaume shupavu wenye michoro iliyochanjwa mikononi. Na katika miaka ya 1960 alitawala mchunga ng'ombe juu ya farasi, katika nchi pana, kana kwamba hana bwana wala deni.

Jina lilikuwa lile lile, na tumbaku ni tumbaku. Kitu kiwezacho kuvikwa kanga leo na kanzu kesho hakina uke wala uanaume ndani yake.

Marekani ilipiga marufuku matangazo ya sigara katika redio na televisheni mwaka 1971, lakini picha za mchunga ng'ombe ziliendelea magazetini. Wayne McLaren, aliyepigwa picha za matangazo hayo mwaka 1976, alifariki mwaka 1992 kwa saratani ya mapafu, umri wake miaka 51. David McLean, aliyetokea katika matangazo hayo miaka ya 1960, alifariki mwaka 1995 kwa maradhi yayo hayo. McLaren alitumia siku zake za mwisho kuwaonya watu juu ya sigara. Ushujaa aliokosa kupewa na farasi wa picha aliupata kitandani, kwa kusema kweli.

Mshenga hajapumzika. Katika miji ya Afrika ya Mashariki kijana wa leo huonyeshwa mwanamume mwingine: ana simu mkononi, amebashiri matokeo ya mpira, na fedha zimemshukia bila ya jasho. Wa jana aliuziwa nguvu. Wa leo huuziwa bahati. Sura ni mbili, hila ni moja: kumwonyesha mtu upungufu, kisha kumwuzia dawa yake. Lakini ahadi iliyotimizwa, mzazi aliyetunzwa na neno la kweli hata likimdhuru msemaji, ndivyo vipimo vya mwanamume. Navyo havina duka.